Kushona Mwenyewe kwa Leso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashonea kwenye daka (baraza ya mlangoni) la nyumba yetu, mtaa wa Langoni, hapa Lamu, kwa sababu ndani hakuna mwanga wa kutosha kutia uzi tunduni. Ubaya wa daka ni kwamba kila apitaye husimama akauliza. Uzuri wake ni kwamba sasa najua watu hukwama wapi, na maswali ni yale yale: mtu ana leso (kanga) kwapani, ana cherehani ya marehemu nyanya, na ana hofu ya kukata. Nimeyaandika hapa nipate kushona.

Sijawahi kushona hata kifungo. Nianze na nini?

Anza na kitu kisichovaliwa. Takia halina kiuno, halina makalio, wala halikui. Foronya yake ni mistari minne iliyonyooka, na ukikosea hakuna atakayeiona harusini. Wanaonijia wengi wanataka sketi ya kesha la Alhamisi na leo ni Jumanne. Hao nawaambia wajifunge leso kama kawaida, wapendeze.

Vifaa ni vichache: mkasi, futi ya kupimia, chaki, pini, sindano, uzi na pasi. Mkasi wa kitambaa usikatie kitu kingine, hata pakiti ya maziwa. Wangu wa kwanza aliuchukua kijana wangu akakatia karatasi za kishada, na tangu siku hiyo hautafuni kitambaa, unakiguguna.

Pasi watu huidharau. Kila mshono ukiisha, upige pasi kabla hujashona unaofuata. Mshono usiopigwa pasi huonekana wa mwanafunzi hata ukiwa wa fundi.

Lazima niwe na cherehani?

Hapana. Kofia zetu za mkono hushonwa kwa sindano na uzi tu, tundu baada ya tundu, kwa wiki na hata miezi, na hudumu. Foronya na sketi ya mpira zinashoneka kwa mkono ukitumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele, kisha inarudi kuziba nafasi iliyoachwa. Ni polepole lakini ni imara. Mshono wa kupita juu-chini tu ni wa kupiga bandi, yaani kushikilia kwa muda, usiuamini kwenye kiuno.

Kama unanunua, mimi ni wa cherehani nyeusi ya zamani, ya mkono au ya kukanyaga. Inashona mstari mmoja ulionyooka na haijui kingine, lakini stima ikikatika unaendelea, na kila fundi wa mtaani anaijua tumboni. Za umeme zina zigizaga na mapambo, nzuri ukishazoea.

Adui wa cherehani kwetu ni hewa ya bahari. Chumvi inaingia kila mahali. Tia tone la mafuta ya cherehani (si ya kupikia, tafadhali, yanaganda) kwenye kila tundu la mafuta, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mpaka madoa yaishe. Ukimaliza siku, ifunike kwa nguo. Sindano zilizobaki zifunge kwenye kitambaa kilichotiwa mafuta kidogo, la sivyo utazikuta zina kutu, na sindano yenye kutu huacha alama nyeupe-nyeupe za kukwaruza kwenye satini.

Leso ina tofauti gani na kitambaa cha jora?

Kubwa sana, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kitambaa cha jora hakina juu wala chini, unakata popote. Leso imeshapangwa. Ina *pindo*, ule mpaka wa kuizunguka pande zote nne. Ina *mji*, sehemu ya kati. Na ina *jina*, maandishi yaliyo chini ya mji kwenda kwa urefu. Ukikata kama unayekata jora, pindo litaangukia kwenye kwapa na jina litapasuliwa.

Kwa hiyo kabla ya kupima kiuno chako, pima leso. Leso moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, lakini hazilingani, na hata mbili za doti moja nimezikuta zimepishana vidole viwili. Hesabu zote za mfano hapa chini nimezipiga kwa 150 na 110. Yako ikiwa tofauti, fanya hesabu upya.

Jambo jingine halisemwi: tazama kingo zake. Zile mbili ndefu, juu na chini, ndizo kingo za kiwandani, hazifumuki. Zile mbili fupi ndizo zilizokatwa, zinatoa nyuzi, na ndizo tunazopinda leso ikinunuliwa. Ukilijua hilo unajipunguzia nusu ya kazi, maana ukingo usiofumuka unaweza kuuacha kama ulivyo.

Kuna wanaoona ni makosa kuikata leso. Husimuliwa kwamba leso zenyewe zilianza hivyo hivyo: wanawake wa pwani wakinunua vile vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, ambavyo Wareno waliviita *lenço*, wakaunganisha sita kuwa nguo moja. Leso ilizaliwa kwa sindano. Mimi ninayeionea huruma ni kisutu tu, kile chekundu, cheupe na cheusi cha bibi harusi. Kwa kawaida hakina jina, hivyo kukikata ni rahisi kupita zote, lakini cha mtu aliyeolewa nacho sikikati hata nikilipwa.

Lazima niifue kwanza?

Lazima. Leso mpya ina wanga wa kiwandani, ndiyo maana inasimama kama karatasi. Ukifua, wanga unatoka na kitambaa kinarudi, yaani kinapungua. Ukishona kabla, sketi ndiyo itakayorudi, na haitarudi sawasawa: mpira unabaki palepale, kitambaa kinapanda.

Fua kwa maji matamu ukiyapata. Ya chumvi hayatoi povu na sabuni inabaki kwenye nyuzi. Nyekundu na nyeusi zifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Watu hunishauri chumvi na siki. Nimezitumia zote mbili, na rangi iliyokusudia kuchuja ilichuja vilevile. Linalosaidia ni kufua mara mbili tatu na kuanika kivulini, ndani ikiwa nje.

Sketi rahisi kuliko zote ni ipi?

Sketi ya mpira ya leso moja. Mshono mmoja ubavuni, njia ya mpira juu, basi.

Ilaze leso jina likisomeka. Urefu wa 150 ndio utakaokuzunguka, na 110 ndio utakaoshuka. Kwa mwenye makalio ya sentimita 100, hiyo 150 inatoa marinda ya kutosha bila kuvimba. Pima kuanzia kiunoni mpaka unapotaka sketi iishie, ongeza sentimita 5 za njia ya mpira, na kinachozidi kikate *juu*, usikate chini. Chini kuna pindo, na chini kuna ukingo usiofumuka: sketi yako imeshapindwa na kiwanda. Watu hukata chini kwa mazoea, kisha wanakaa saa nzima kupinda upya walichokikata.

Kunja leso, ndani ikiwa nje, kingo fupi zikutane, shona ukiacha sentimita moja na nusu. Hapo pindo la kushoto na la kulia litakutana na kufanya mstari mpana wa kushuka. Usiuweke mbele. Uweke ubavuni wa kushoto, uonekane umekusudiwa.

Juu, kunja nusu sentimita, kisha kunja sentimita 4 na nusu, shona kuzunguka, uache upenyo wa vidole vitatu. Mpira wa sentimita 3 ukate mfupi kuliko kiuno kwa sentimita 5, upenyeze kwa pini ya nepi, ushone ncha zake *zikiwa zimelaliana*, kisha ziba upenyo. Kabla ya kuziba, vaa. Nimesema vaa. Nimeshawahi kuziba nikagundua mpira umejipinda ndani kama kamba ya ndoo.

Na sketi ya kubana?

Inawezekana, lakini ijaribu kwa ngazi. Ngazi za nyumba zetu za mawe ziko wima, na hatua ya kutoka gatini kuingia mashua haina huruma. Nilijishonea moja ya kubana nikaivaa kwenda Mokowe. Kushuka gatini nilishuka kwa kupakatwa. Acha mpasuo nyuma kuanzia juu kidogo ya goti, na ncha ya mpasuo uishonee mara tatu, mbele-nyuma-mbele, maana hapo ndipo inapoanzia kuchanika.

Leso moja inatosha sketi ya duara?

Kwa mtoto, inatosha. Kwa mtu mzima, haitoshi, nunua jora.

Kata mraba wa 110 kwa 110. Ukunje mara mbili upate 55 kwa 55, kona yenye mikunjo yote ndiyo kitovu. Sasa tundu la kiuno. Hesabu yake: mzunguko unaoutaka, gawa kwa 6.28, unapata umbali wa kupima kutoka kwenye kona. Lakini usitumie kiuno, tumia makalio, kwa sababu sketi haina zipu na lazima ipite. Mtoto mwenye makalio ya 64, ongeza 4 za nafasi, zinakuwa 68. Gawa kwa 6.28, unapata karibu 10.8. Funga chaki kwenye uzi, shika kona, chora robo duara ya 10.8, kisha nyingine ya 55. Sketi itakuwa na urefu wa sentimita 44, ikipindwa 43.

Hapo juu tundu unalishonea mkanda wa kitambaa wenye mpira ndani. Kabla ya kupinda chini, itundike usiku mzima. Kitambaa kilichokatwa duara kina sehemu zilizokwenda mshazari, nazo hulegea zikining'inia. Asubuhi utaona chini kumekuwa mawimbi. Sawazisha kwa mkasi ndipo upinde. Ukiruka usiku huo, sketi itashuka upande mmoja baada ya wiki na utadhani mtoto ana bega la chini.

Kipande cha 40 kwa 110 kilichobaki kina pindo tatu. Usikitupe, ni mkanda na utepe wa nywele vya kulingana.

Pazia la mlango nalipimaje?

Hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu leso inakuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake.

Pazia linahitaji upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya mlango, liwe na mikunjo. Mlango wa sentimita 90 unataka kati ya 135 na 180. Leso ikilazwa ina 150. Sawa hapo. Kimo ndicho kinachowasumbua watu: leso ikilazwa ina 110 tu, na mlango una mita mbili. Kwa hiyo wanaisimamisha, jina linakwenda kichwa upande, na wageni wanasoma kwa kupinda shingo.

Usiisimamishe. Chukua doti nzima, leso zote mbili, zitenganishe, uweke moja juu ya nyingine, zote jina likisomeka. Zilalie kwa sentimita 3 pale zinapokutana, piga mistari miwili ya cherehani. Kingo zote mbili hazifumuki, kwa hiyo hakuna cha kukunja. 110 mara mbili ni 220, toa 3, zinabaki 217. Juu toa 8 za njia ya fimbo, chini toa 4 za kukunja ili pazia liwe na uzito. Umebaki na 205. Pinda zile ncha mbili za ubavuni, tundika. Jina moja litakaa usawa wa kiuno, la pili karibu na sakafu, ambalo watoto wadogo ndio hulisoma.

Upepo wa kusi ukilipeperusha, tia sarafu au vipande vya mnyororo ndani ya ukunjo wa chini. Sarafu za zamani zisizotumika ndizo bora.

Jina la pazia la mlango ni salamu, lisome kabla ya kununua. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni la mlangoni. "Hasidi hana sababu" ni zuri, lakini lina mwenyewe, na kila atakayeingia atajiuliza kama ndiye.

Matakia mangapi yatatoka kwa leso moja?

Matatu, ya 45 kwa 45. Kata leso vipande vitatu vya upana wa 48, kila kimoja kikiwa na 110 yake kamili kutoka ukingo hadi ukingo. Hesabu: mbele 45, nyuma 45, kulaliana 15, kukunja ncha 4, jumla 109. Hakuna zipu wala kifungo, takia linaingizwa nyuma pale kitambaa kinapolaliana, na pindo la juu na la chini ndiyo hukutana hapo, linapendeza bila wewe kufanya lolote.

Sasa jina. Mara ya kwanza nilikata bila kusoma. Leso ilikuwa ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Kipande cha kushoto kikapata simba, cha kulia kikapata maneno, na cha katikati kikatoka na "siogopi mtu", yametulia vizuri katikati kama yaliyodariziwa. Sikuona. Nikayapanga chumba cha wageni. Mavyaa wangu akaja akalala siku tatu, na siku ya kuondoka akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mto huu waniambia mimi?"

Tangu siku hiyo nakunja kwanza, nasoma, ndipo nakata. Kama jina ni refu, sogeza mkunjo mpaka maneno yaingie sehemu ya nyuma inayofunikwa. Au tafuta leso ya jina fupi. "Wema hauozi" linaingia zima kwenye takia moja.

Tuna vugo la harusi (ngoma ya wanawake inayopigwa kwa pembe), tunataka sare. Tuanzie wapi?

Anzieni na idadi, kabla ya rangi. Leso ya jina moja ikiisha dukani haiji tena kwa kupenda kwenu. Mwenzenu wa kumi na tisa ataletewa inayofanana-fanana, na kwenye picha ndiye atakayeonekana. Hesabuni vichwa, ongezeni doti mbili, mnunue siku moja.

Kama ni magauni si leso za kujifunga, mkumbuke kazi ya mikono. Anayepiga pembe ameinua mikono usiku kucha. Gauni la mkono wa kubana litapasuka kwapani kabla bibi harusi hajatoka. Tieni kikwapa, kile kipande cha mraba cha kama sentimita 10 kinachoshonwa chini ya mkono, kama cha kanzu. Kinampa mtu nafasi na hakionekani mikono ikishuka.

Mtoto anaigiza shuleni, mwalimu ametaka mavazi ya simba. Kesho kutwa.

Pumua. Nguo ya jukwaani inatazamwa kutoka mbali na inavaliwa dakika kumi. Hakuna atakayegeuza upindo. Kwa hiyo mishono mikubwa, kingo zisizopindwa, gundi palipo lazima.

Kwa manyoya ya shingoni ya simba, usihangaike na manyoya ya kweli. Nunua fulana mbili za mtumba, za kahawia na za manjano. Kata vipande vya upana wa sentimita 3, urefu wa kama 20. Shika ncha zote mbili uvute: kitambaa cha fulana hujikunja chenyewe kikawa kama kamba laini, wala hakifumuki. Vishone kwa safu kwenye kofia ya sweta kuukuu, ukianzia nyuma ya shingo kuja mbele, safu kwa safu kama makuti ya paa. Saa mbili, umemaliza. Mkia ni mguu wa soksi uliojazwa vipande vilivyobaki.

Magamba ya samaki hutoka kwa mabaki ya satini kwa mpango huo huo wa makuti, ukianzia chini kwenda juu. Mabawa yanataka melikani, ile pamba isiyotiwa rangi, kwa sababu inashika umbo na inapokea rangi.

Mambo matatu tu usiyafanyie haraka: shingo ipite kichwa bila kuvutwa, macho yaone pembeni, na ncha ya nguo iwe juu ya kifundo cha mguu. Na acha sentimita 3 ndani ya kila mshono. Mwaka ujao simba atakuwa mdogo wake.

Cherehani inafanya mafundo chini ya kitambaa. Ni bobini?

Wengi huilaumu bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), lakini mara nyingi kosa liko juu. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, toa uzi wote wa juu, utie upya. Mguu ukiwa chini wakati wa kutia uzi, uzi haukai mahali pake na haukazwi. Ikiwa bado, badilisha sindano. Ikiwa inaruka mishono, ni sindano pia. Namba 80 kwa leso, 70 kwa shifoni na vitambaa vya buibui, 100 kwa jinzi.

Naweza kushona mkoba wa tanga la jahazi?

Tanga kuukuu linafanya mikoba mizuri, lakini si kwa cherehani ya nyumbani. Tabaka mbili zitapita, nne zitavunja sindano, na kipande cha sindano kinaweza kurukia jicho. Shona kwa mkono, sindano nene na uzi uliopakwa nta, au mpelekee mwenye cherehani ya viatu.

Mita na yadi ni kitu kimoja?

Si kimoja. Mita ni sentimita 100, yadi ni kama 91. Ukitaka mita tatu ukapimiwa yadi tatu, umepungukiwa sentimita 26, na hizo ndizo mikono yako. Uliza kabla mkasi haujaingia.

Ni lini niache, nimpelekee fundi?

Zipu ya kufichwa, kola ya kanzu, na ovaloki. Za mwanzo mbili utajifunza ukitaka. Ovaloki ni mashine nyingine kabisa, ya kuzuia kingo zisifumuke. Mafundi wa madukani watakupitishia kingo zote za gauni kwa pesa kidogo ukiwa umesimama pale pale. Ila enda na uzi wako wa rangi unayoitaka. Usipoenda nao atashonea ule uliomo, na uliomo, kila nikienda mimi, ni mweupe.